Miche 412 Iliyokauka: Kahawa na Kiangazi Huku Buhigwe

Mche wa kwanza niliung'oa kwa mkono mmoja. Sikuutikisa wala sikuuchimba. Niliushika shingoni, nikavuta, ukaja wote kama kijiti kilichochomekwa mchangani. Ilikuwa Septemba 2018, saa saba mchana, shambani kwetu upande wa Manyovu, Wilaya ya Buhigwe, na ardhi ilikuwa imepasuka nyufa za kuingiza kidole. Majani ya ule mche yalikuwa yamekauka lakini bado yameng'ang'ania, rangi yake kama tumbaku. Chini ya shingo, vidole vinne hivi, mzizi mkuu ulikuwa umepinda na kurudi juu. Nimekulia Kibirizi kwa wavuvi, ndoano naijua. Ule mzizi ulikuwa ndoano.

Nikang'oa wa pili, wa tatu, mpaka wa kumi na mbili. Tisa kati yao, ndoano. Nikakaa chini pale pale juani. Miezi mitatu nilikuwa nalaumu mbingu, nalaumu mbegu, na nisifiche, kuna jirani mmoja nilishaanza kumdhania mambo. Kumbe miche yangu iliingia ardhini ikiwa imeshavunjika miguu.

Mimi si mkulima wa kuzaliwa. Nilikuwa mchuuzi wa dagaa mjini Kigoma kwa miaka kumi na moja. Baba mkwe alipofariki mwaka 2016, mume wangu akagawiwa eka moja na robo ya shamba la kahawa huku juu, mita kama 1,600 kutoka usawa wa bahari. Ziwani dagaa walikuwa wamepungua, ushuru umeongezeka, mtaji unakwenda kama maji ya pakacha. Tukasema twende. Mwaka 2017 tulihama na watoto watatu na magodoro mawili.

Shamba tulilolikuta lilinitia aibu. Mibuni ya wazee, mirefu, imejaa maotea, imechanganyika na migomba, mringaringa wawili, mruka mmoja mkubwa na vichaka vya kila aina. Machoni pangu lilikuwa pori. Nilikuwa nimeona picha za mashamba ya kisasa, mistari imenyooka, jua linapiga kila mti, hakuna jani chini. Nikamwambia mume wangu tuling'oe lote tuanze upya. Alisita, kwa kuwa ile mibuni aliipanda baba yake. Nikamshinda kwa maneno. Tulikata migomba, tukaangusha mringaringa wote wawili, mbao tukauza. Mruka ulinusurika kwa sababu moja tu: uko karibu na nyumba na mama mkwe hukaa chini yake kuchambua maharage. Chini ya mruka huo ikabaki mibuni 43 ya zamani ambayo nayo nilipanga kuing'oa mwaka unaofuata.

Gharama naziandika kama zilivyo kwenye daftari langu, maana wengi wanaoanza huambiwa faida tu. Miche 600 kwa shilingi 400, 240,000. Kuchimba mashimo 600 kwa shilingi 500, 300,000. Samadi 180,000. Kusafirisha miche 70,000. Vibarua wa kupanda na kupalilia 150,000. Baadaye, kiangazi kilipokaza, maji ya kubebwa na pikipiki kwa madumu, 200,000. Jumla 1,140,000. Ndiyo ilikuwa akiba yangu yote ya dagaa.

Miche niliinunua kwenye kitalu cha mtu binafsi kando ya barabara. Nilichagua kwa macho: mirefu, majani yanang'aa. Hata mmoja sikupasua kiriba, ule mfuko wa plastiki unaooteshewa mche, kuangalia ndani. Leo sinunui mche wa kahawa bila kumwomba mwenye kitalu nipasue viriba viwili vitatu nilivyochagua mwenyewe, ninalipia, nauosha mzizi kwa maji. Mzizi mkuu unatakiwa ushuke wima kama timazi ya fundi. Ukiona umejikunja, ama mche ulihamishwa kutoka kwenye tuta la mbegu ukachomekwa kwa kidole kwa haraka, ama umekaa kwenye kiriba mpaka mzizi ukagonga chini na kuanza kuzunguka. Wa namna hiyo utamea vizuri tu mvua ikiwepo. Majani yatakudanganya mwaka mzima. Siku maji ya juu yakiisha, hauna pa kushukia.

Na hata ule uliokuwa na mzizi mzuri niliuharibia kwa tarehe. Huku kwetu mvua huanza Oktoba na kumalizika mwanzoni mwa Mei, pamoja na ukavu mfupi katikati, mara Januari, mara Februari. Anayejua kazi hupanda Novemba, mche ukapata miezi sita ya kujichimbia kabla ya Juni. Mimi hela ya mashimo ilichelewa, nikapanda katikati ya Februari. Mashimo yenyewe yalichimbwa wiki hiyo hiyo na samadi ikaingia mbichi, inafuka moshi asubuhi. Nikaitoa miche kwenye kivuli cha kitalu leo, kesho iko juani. Mtoto wa kulelewa ndani umtoe namna hiyo akalale nje!

Mei nikafanya kosa ambalo watu walinisifia. Nilipalilia shamba likawa jeupe. Jembe liliingia mpaka chini, magugu yote yakatolewa na kuchomwa pembeni. Waliopita njiani walisema, "Mama Neema, hapo hata wali unaweza kula chini." Nilivimba kichwa. Sikujua kwamba mizizi ya kahawa inayokula, ile myembamba kama nyuzi, iko sentimita 30 za juu, na kwa jembe lile niliikata mwenyewe wiki mbili kabla ya kiangazi. Tena nikaiacha ardhi uchi.

Juni miche ilianza kulegea saa sita mchana na kuinuka jioni. Hiyo si dalili ya kufa. Mbuni ukiona jua kali na udongo unakauka hufunga matundu madogo ya majani ili maji yasipotee, jioni ukafungua tena. Ubaya ni kwamba ukifunga, maji hayatoki lakini na chakula hakitengenezwi. Unajinyima ili uishi. Julai ikawa hauinuki mpaka usiku. Agosti ukawa hauinuki kabisa, na majani ya chini yakaanza kuwa ya njano.

Nikaanza kumwagilia. Kila jioni, kila mche, kikombe kimoja kikubwa. Watoto wakitoka shule, ndoo kichwani. Mzee jirani yetu, rika la baba mkwe, alisimama mpakani akatazama siku ya tatu au ya nne hivi, akaniuliza:

"Mama Neema, hayo maji yanafika wapi?"

"Kwenye mche, baba."

Akaingia, akachukua kijiti, akachimba kando ya mche niliotoka kuumwagilia. Unyevu uliishia kwenye kucha ya kidole gumba. Chini yake vumbi. "Unaita mizizi ije juu kunywa," akasema, "halafu kesho mchana jua linaikaanga." Akanipeleka kwake. Shamba lake lilikuwa chafu, kama la baba mkwe nililolikata. Alifunua majani makavu ya migomba chini ya mbuni mmoja, akanishika mkono akaulaza pale. Baridi. Ilikuwa Agosti, saa nane mchana, na udongo ulikuwa baridi, mweusi, na nyungunyungu mmoja akajivuta kurudi shimoni. Mbali na pale, hatua kumi na tano kuvuka mpaka, udongo wangu huwezi kuukanyaga peku.

Nilibadili umwagiliaji, lita kumi kwa mche mara moja kwa wiki, polepole, kwenye kopo lililotobolewa chini. Ilikuwa imechelewa. Oktoba mvua iliporudi nilihesabu mizima 188. Iliyokufa 412. Mume wangu hakunilaumu, na hilo liliniuma kuliko angenilaumu. Mama mkwe alisema neno moja tu, akiwa chini ya mruka wake: "Hii bado ina majani." Alikuwa anaonyesha ile mibuni 43 ya zamani. Haikuwa na afya ya kusifiwa, ila haikufa hata mmoja.

Mwezi huo nilibeba miche yangu mikavu kwenye mfuko wa sandarusi nikaenda Mwayaya. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, makao yake makuu yako Lyamungu, Kilimanjaro, lakini ina kituo hapa hapa Buhigwe, na mimi nilikuwa nimekaa wilayani mwaka mzima sijakanyaga. Nilikwenda na swali moja: nipeni aina inayostahimili ukame. Nilifikiri nitauziwa dawa ya tatizo langu kwa mche.

Nilichojifunza kilinivunja moyo kwanza, kisha kikanisaidia. Aina za zamani tulizonazo wengi, N39 na KP423, hushambuliwa na chulebuni, ugonjwa wa ukungu unaoharibu matunda mabichi, na kutu ya majani. Aina mpya za Arabika, kahawa tunayolima huku, zilizozalishwa nchini zililengwa hasa kuyashinda hayo magonjwa mawili, na zinayashinda kweli, mkulima anaokoa hela ya sumu. Lakini kuhimili ugonjwa ni jambo moja na kuhimili kiu ni jambo jingine, na huku mtaani tumeyachanganya. Mtu anasikia "mche bora" anadhani ni bora kwa kila kitu. Isitoshe miche mingi ya aina hizo huzalishwa kwa vikonyo, yaani kipande cha chipukizi kinaoteshwa mizizi. Mche wa kikonyo hauna mzizi mkuu wa kuzaliwa nao. Una mizizi mingi inayotoka pembeni. Ukiutunza unazaa mapema na unafanana na mama yake, ila miaka miwili ya kwanza unataka ulindwe na ukavu zaidi ya mche wa mbegu. Nilipojua hivyo ndipo nikaelewa kwa nini jirani mmoja aliyepata miche halali kabisa ya vikonyo naye alipoteza nusu.

Kuna wanaosema suluhisho ni kuhamia robusta, kahawa ya jamii nyingine, kama wenzetu wa Kagera. Mimi nilikaribia kushawishika. Robusta inavumilia joto kuliko Arabika, hilo halina ubishi, lakini joto na kiu si kitu kimoja. Mizizi yake nayo haiendi chini sana, na udongo ukikauka inaumia vilevile. Wabrazili, ambao wanalima robusta kwa mapana, wamekuta ndani ya robusta zenyewe kuna koo zinazohimili ukavu na nyingine zinazokauka upesi, na tofauti kubwa iko kwenye kina cha mizizi na jinsi mti unavyowahi kufunga matundu ya majani. Hivyo "panda robusta" bila kusema robusta ipi ni ushauri wa kijiweni. Mwanangu mkubwa naye alinisomea kwenye simu habari za kahawa ya mwitu ya Afrika Magharibi iitwayo stenophylla, iliyopatikana tena porini Sierra Leone mwaka 2018, inayostahimili joto kali na bado ni tamu. Ni habari njema kwa wajukuu. Mimi nina Arabika, na Arabika asili yake ni chini ya misitu ya milima ya kusini-magharibi mwa Ethiopia, kwenye kivuli. Niliitoa kivulini nikaiweka juani halafu nikashangaa.

Nilikaa mwaka mzima sina hela ya kurudia. Nilirudi Kibirizi miezi minne kuuza dagaa na migebuka. Lakini shambani tulifanya lile ambalo halikuhitaji hela: ile mibuni 43 ya baba mkwe tuliikata visiki, sentimita 30 hadi 40 kutoka ardhini, mkato wa mshazari ili maji ya mvua yasilale juu. Kila kisiki kikatoa machipukizi mengi, tukabakiza matatu kisha mawili. Juu mti mpya, chini mizizi ya miaka thelathini. Kama kuna mtu ana shamba la wazee na anataka kuling'oa kama mimi, namsihi akate visiki kwanza. Nilivyong'oa ile mingine niliitupa mizizi ambayo hakuna kitalu kinachoiuza.

Kupanda upya kulikuwa Novemba 2019, miche 300 tu. Mashimo ya sentimita 60 kila upande tuliyachimba Agosti, udongo wa juu ukawekwa kulia na wa chini kushoto, na Septemba tukajaza udongo wa juu pamoja na debe moja la samadi iliyoiva, isiyonuka. Kiriba tulikata kitako chake sentimita mbili kabla ya kukivua, mzizi uliojikunja chini ukaondoka nacho. Kando ya kila mche, upande wa jua la mchana, tulipanda mbaazi kwa ajili ya kivuli cha miaka miwili, na katikati ya mistari marejea, mmea wa kurutubisha udongo. Mbaazi tulikula. Migomba ilirudi lakini michache, kwa sababu mgomba nao unakunywa. Ukiuweka karibu mno unagombania maji na mbuni. Mringaringa niliopanda sasa unanizidi kimo, na kila nikiupita nakumbuka mbao nilizouza.

Matandazo, yale majani makavu ya kufunika udongo kama kwa mzee jirani, nayo yalinipa somo lake. Mwaka wa kwanza niliyarundika mpaka kwenye shina, mchwa wakahamia na miche kumi na moja ikagugunwa ganda. Sasa naacha nafasi ya kiganja kilichofunguliwa kuzunguka shina. Na Agosti huku ni mwezi wa mioto. Matandazo makavu ni petroli. Tulilima ukanda mtupu wa mita tatu upande wa njia, huo ndio mahali pekee ninaporuhusu shamba liwe jeupe. Kupalilia sasa ni kufyeka kwa panga, jembe halivuki mwezi wa Machi.

Lililotaka kuleta ugomvi ni mikaratusi ya shemeji. Alikuwa nayo safu nzima kwenye mpaka, na mistari yangu miwili iliyo karibu nayo ilikuwa inalegea wiki mbili kabla ya mingine. Nilimwendea na chai ya maziwa.

"Shemeji, miti yako inakunywa kwangu."

"Mti hauna mdomo, shemeji."

"Njoo saa sita uone wanaonywewa maji."

Alikuja. Hakukubali siku hiyo. Alikubali alipouza nguzo, mwaka uliofuata, na mahali pake akaweka migrevilea. Kwa muda ule wa kusubiri tulichimba mtaro wa kina cha goti mpakani kukata mizizi, na ulisaidia kiasi.

Kati ya miche 300, ilifika salama 281. Mwaka 2022 tulionja mavuno ya kwanza. Mwaka 2023 ikazaa. Ilizaa mpaka matawi yakagusa chini, watu wakaja kupiga picha, na mimi niliyedhani nimeshahitimu nikafanya kosa la mwisho katika haya ninayoyasimulia. Mwembe ukizidiwa unapukutisha matunda. Mbuni hauna akili hiyo, au una roho nzuri kupita kiasi: ukishashika punje unazing'ang'ania, unazilisha hata kwa kujila wenyewe majani. Afisa ugani aliniambia mapema nipunguze matawi na nisiache kila tawi lizae. Nilitazama zile kijani nikaona ada ya shule. Sikukata hata moja.

Mvua iliisha mapema shambani kwangu, punje zikiwa bado zinajaa. Majani yakaanza kuanguka, matawi yakakauka kutoka nchani kurudi shinani, na matunda yakaiva kwa nguvu, mekundu lakini mepesi. Siku tunayopeleka kwenye mtambo wa chama cha ushirika niliyamimina kwanza kwenye pipa la maji nyumbani. Kahawa nzima huzama. Yangu, karibu debe moja katika kila madebe matatu, ilielea kama maboya. Nilipasua tunda moja kwa kucha: ndani upande mmoja punje, upande mwingine ngozi tupu. Hayo hayachanganywi na mazima. Tuliyaanika peke yake tukayauza kwa bei ya chini. Na miti kumi na saba katika ile iliyochoka ilipata bungua mweupe, mdudu anayetoboa shina. Utaona unga wa mbao chini ya shina, kama mtu aliyepitisha msumeno usiku. Tulimchokonoa kwa waya wa spoku ya baiskeli. Sita ilikufa hata hivyo.

Tangu hapo napogoa baada tu ya mavuno, na matawi yaliyobeba sana nayapunguza Desemba wakati punje bado ni ndogo kama kichwa cha kiberiti. Mkono unauma kila nikikata. Nakata.

Kuna jambo ambalo silitibu kwa panga wala matandazo, na ni vizuri mtu alijue kabla hajaingiza hela. Mama mkwe husema zamani mwezi wa Juni watoto walikwenda shule na masweta mawili. Nilidhani ni maneno ya wazee, kila mzee utoto wake ulikuwa na baridi. Kumbe watafiti walipochambua takwimu za kahawa ya Arabika ya Tanzania, wakachapisha mwaka 2015, waligundua kinachouma zaidi ni joto la usiku kupanda: kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, mavuno yanashuka kwa kilo 137 hivi kwa hekta. Usiku, si mchana. Kivuli changu kinafanya kazi mchana.

Maua nayo yamebadilika. Mbuni unataka ukavu wa miezi miwili mitatu ili vitumba vya maua vilale, halafu mvua nzuri iviamshe vyote kwa pamoja. Siku kama kumi baadaye shamba linakuwa jeupe na harufu yake unaisikia ukiwa barabarani. Zamani, wananiambia, ilikuwa mara moja, mara mbili. Mwaka juzi kwangu yalichanua mara nne. Mvua ya kudokoa Agosti, vitumba vingine vinaamka, jua linarudi wiki tatu, vingine vinabaki vidogo vya kijani, vimefunguka kama nyota bila kuwa maua kamili, na hivyo havishiki tunda. Maua ya mara nne maana yake ni kuiva mara nne, na wachumaji wanne kwa wiki kumi badala ya sita. Nilipopiga hesabu, uchumaji ulikula zaidi ya mbolea na samadi kwa pamoja. Anayepanga bajeti ya kahawa leo aandike uchumaji mara mbili ya anachoambiwa.

Ndiyo maana nimeanza kupima mvua mwenyewe. Kopo la maziwa ya unga lenye ubavu ulionyooka, nimelifunga kwenye nguzo mbali na miti, na rula ya mwanangu ya shule. Naandika kila asubuhi. Milimita mbili tatu hazifanyi kitu, vumbi linatulia tu. Zikifika tano mpaka kumi vitumba vinasikia. Nikijua zimenyesha ngapi najua kama nianze kubeba maji, maana maua yakishaamka na mvua isirudi, hapo ndipo lita kumi kwa mche zinapokuwa na thamani kuliko mwezi mwingine wowote. Sina uwezo wa kumwagilia miti 300 na ushei msimu mzima. Kwa wiki mbili hizo naweza, kwa mkopo mdogo wa kikundi cha akina mama.

Mwaka huu nina miti 275 ya 2019, ile 43 ya visiki, na mashimo mapya 60 yako wazi yanasubiri Novemba. Miche yake iko kwenye kitalu changu nyuma ya jiko, na viriba vyake nilivijaza mwenyewe. Wakati wa kuhamisha kila mche nilitoboa kwa kijiti kirefu kwanza, nikaushusha mzizi, nikauvuta juu kidogo ili unyooke, ndipo nikabana udongo. Mia moja na ishirini, mmoja mmoja. Neema aliniuliza kwa nini nachukua siku mbili kufanya kazi ya asubuhi moja, nikamletea ule mche wa 2018. Bado ninao, umening'inia kwenye msumari juu ya mlango wa ghala.

Juzi usiku wa Jumapili ilinyesha. Robo saa, na radi nyingi kuliko maji. Asubuhi nilikwenda na rula: milimita sita. Nikainama kwenye visiki vya baba mkwe, chini ya mruka, nikafunua jani. Vitumba vilikuwa vimeshaanza kuvimba, rangi ya maziwa inachungulia ncha. Leo ni siku ya tatu, mbingu ni nyeupe, na madumu kumi na nane yamejaa yamepangwa kivulini.